Kesi ya Ngano

Kisarawe,
14 Aprili 2025

Mdogo wangu Mwanaasha,

Assalaam alaykum. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na Mama yetu na wote waliomo humo ndani. Sisi hatujambo. Wifi yako Mwanamkuu ule mguu umepoa, sasa anakwenda shamba na kurudi bila kulalamika. Mwanangu Abdulaziz ndiye mletaji wa barua. Lori analoendesha linapeleka mizigo bandari kavu ya Kwala, kwa hiyo Mlandizi anapita mara kwa mara, na nimemwambia asithubutu kupita bila kumwamkia bibi yake. Masika yameanza kwa upepo mkali, yakatuezulia banda la jiko. Tumetupa makuti yote tukaezeka bati za msauzi. Mvua ikinyesha Mwanamkuu anasema hasikii hata chungu kikichemka.

Utashangaa kuandikiwa barua katika zama hizi. Lakini tangu tulipokatiana simu mwezi wa pili nimefikiri sana, nikaona simu ndiyo inayotugombanisha. Kwenye simu kila mtu anajibu kabla hajasikia. Tuandikiane, kila mmoja apate nafasi ya kumaliza neno lake.

Neno langu ni Mama. Siku ya Idd nilipokuja hapo kwako niliona mengi nikanyamaza kwa sababu ya wageni. Tambi alizitia chumvi, akaenda chumbani, akarudi akazitia chumvi tena. Aliniuliza Baba amebaki na nani nyumbani, na jeneza la Baba mimi na wewe tuliliona likitoka mlangoni. Alipoinuka kwenda kutawadha alitembea ameshika ukuta. Wewe unakaa naye kila siku ndiyo maana huoni. Akaaye na mtoto hamwoni akikua, na ndivyo ilivyo kwa mzee anapopungua.

Abdulaziz amenitilia kwenye simu mafundisho ya mtaalamu mmoja wa lishe. Anaeleza kwamba ndani ya ngano mna protini iitwayo gluteni, ile inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Anasema protini hiyo huuchokoza mwili polepole, na uchokozi huo hupanda hadi kwenye ubongo. Usahaulifu, kupepesuka, hata huzuni isiyo na sababu, vyote anasema mzizi wake ni sahani. Ukishaacha ngano unaacha na nafaka nyingine, mahindi na mchele, maana zikifika tumboni zinakuwa sukari tu. Sasa mtazame Mama. Asubuhi boflo, saa nne andazi, jioni chapati. Wazee wetu walikula muhogo na kisamvu wakafa na akili zao timamu.

Naomba unga wa ngano utoke nyumbani kwako, wote, hata wa wageni. Mimi ni mkubwa wako, na asiyesikia la mkuu unajua kinachomvunjika.

Kaka yako,
Shomari


Mlandizi,
9 Mei 2025

Kaka Shomari,

Shikamoo. Na wifi yangu mpe shikamoo yake, japo amenizidi mwaka mmoja tu na anaidai kama kodi. Sisi wazima. Binti yangu Anifa amehamia Visiga na mumewe, wamepata vyumba viwili karibu na barabara ya Morogoro, kelele za malori mchana kutwa, lakini wao wanacheka tu, ndoa bado mbichi. Mpunga wangu kule bondeni Ruvu umechukuliwa na maji nusu. Hongera kwa bati.

Barua nimeipenda. Nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea Mama, isipokuwa yale yanayomhusu. Akasema, "Shomari mwandiko wake haujabadilika, mwandiko wa kupanga foleni." Kwa hiyo usiseme hajui kitu.

Lakini nami naona, kaka yangu. Usidhani macho yangu yamelala. Anasahau. Miguu inamchoma kwa chini kama anakanyaga siafu, anasema mwenyewe, na akivaa kandambili moja inatoka asijue. Juzi aliwasha jiko akaenda kukaa barazani. Ninachobisha ni hiyo hukumu yako. Umemkamata ngano, umemfunga, na kesi haijasikilizwa. Mimi nitakuwa wakili wake.

Shahidi wangu wa kwanza ni Bibi Maulida. Huyo alizaliwa hapo hapo kwenu Kisarawe, akala muhogo na kisamvu na samaki mkavu, na unga wa ngano aliuona Idd hadi Idd. Umesahau alivyokuwa mwisho wake? Alikuwa akimwita jogoo kwa jina la marehemu Babu Mwishehe, na kumgombeza kwa nini amechelewa kurudi. Sote tulikuwa tunacheka nyuma ya nyumba hadi Mama akatuchapa. Sasa niambie, ile gluteni ilimwingilia mlango gani? Au jogoo ndiye aliyekuwa anakula chapati?

Naijua nia yako na ninakushukuru kwa kumjali Mama. Lakini mtu wa miaka sabini na kitu, raha yake ya asubuhi ni chai na kipande cha mkate. Nikimnyang'anya hicho nimwachie nini? Wewe unayesoma maulidi yote kwa kichwa, umefumba macho, na wala Kisarawe nzima haijawahi kukuona ukifungua kitabu, umelelewa kwa maandazi ya mwanamke huyo huyo. Akili yako ilikufa wapi?

Mdogo wako,
Mwanaasha


Kisarawe,
2 Juni 2025

Mdogo wangu Mwanaasha,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Pole kwa mpunga, maji ya Ruvu hayana adabu. Anifa mpe hongera. Huku wote wazima na mikorosho imetoa majani vizuri. Nikupe na habari njema: banda la jiko tumeliezua makuti, tumeezeka bati za msauzi. Mvua ikinyesha wifi yako anasema hasikii hata chungu kikichemka.

Habari za Bibi Maulida nazikumbuka na sikupenda ulivyoziandika. Hazichekeshi. Wewe umeziandika kama kituko, mimi nazisoma kama onyo. Mama wa mama yetu, halafu mama yetu. Je, wa tatu ni nani? Kama kuna kitu mtu anaweza kukiacha kwenye sahani akajikinga, kwa nini asikiache? Kuacha chapati hakuumi. Mimi mwenyewe nimeacha tangu Desemba, ngano na ugali na wali, na Mwanamkuu anajua hata kwenye harusi nakula nyama na mboga tu. Watu wanadhani nina kisukari, nawaacha wadhani.

Huyo mtaalamu anasema miezi miwili tu inatosha kuona tofauti. Nakuomba hiyo miezi miwili. Baada ya Idd ya kuchinja Abdulaziz atampitia Mama amlete huku. Atakula samaki, kunde, mboga za nazi, na kipande kidogo cha muhogo. Ikishindikana nitakurudishia Mama yako na nitakula chapati mbele ya mashahidi.

Usinijibu kwa mzaha. Jambo hili linaninyima usingizi.

Shomari


Mlandizi,
20 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Idd yetu ilikuwa ya kimya. Nyama tulipata, wageni wachache. Anifa alikuja na mumewe, wakaondoka na mfuko wa mkaa wangu wa kupikia wali, maana siku hizi watoto wanakuja kukusalimia wakiwa wamebeba mifuko mitupu.

Habari za bati umeniletea mara ya pili, chungu kikichemka na kila kitu chake. Nimefurahi kwa mara ya pili. Ukiniandikia mara ya tatu nitaanza kudhani unataka nichangie misumari.

Umeandika kwamba hulali. Hilo ndilo lililonishinda nguvu, maana wewe si mtu wa kusema hayo. Basi Mama aje kwako, Abdulaziz ampitie. Nimemwambia anakwenda kwenu kutembea, akauliza kama kuna maulidi, nikasema bado, akasema, "Nitamsubiri Shomari asome." Ameshapakia khanga zake.

Dawa zake ziko kwenye kopo la maziwa. Vidonge vya sukari ni aina mbili, vyote asubuhi na jioni, na kila mara pamoja na chakula. Ameanza kuvimeza kabla hata Anifa hajaingia darasa la kwanza na mwenyewe anavijua kwa rangi. Wifi avisimamie yeye, wewe utavichanganya na siasa zako. Nguo yake ya kuswalia iwe karibu na kitanda. Na usimwambie kwamba ni mgonjwa.

Nakupa Mama yetu, Kaka Shomari. Sina mwingine.

Mwanaasha


Kisarawe,
18 Julai 2025

Mdogo wangu,

Salaam. Mama amefika salama na amepokewa na ndugu wote. Chakula anakula. Ngano haijaingia mdomoni mwake, wala nafaka nyingine. Dawa anameza kama ulivyoagiza. Siku za kwanza alilalamika kidogo akitaka mkate, sasa halalamiki tena. Ametulia sana. Anakaa barazani kimya na hasumbui mtu.

Kuhusu bati, nilitaka tu ujue kwamba lipo imara.

Lori la Abdulaziz liko gereji, barua zinaweza kuchelewa.

Shomari


Mlandizi,
6 Agosti 2025

Kaka Shomari,

Shikamoo. Habari za nyumbani wewe unazijua, kwa kuwa nilikuja mwenyewe na tukaonana mlangoni, na hatukusemezana neno zaidi ya salamu. Siku ile nilikuwa na hasira nikaona ni heri ulimi ukae. Sasa nimepoa kiasi cha kushika kalamu.

Uliniandikia "ametulia sana". Wifi ndiye aliyenipigia simu akanieleza utulivu wenyewe ulivyokuwa. Mama anatoka jasho jembamba asubuhi, mikono inatetemeka, anajibu maneno yasiyofuatana. Wifi akakwambia, nawe ukasema ni ngano inatoka mwilini. Hadi siku alipoanguka kati ya kitanda na mlango, macho wazi, hamjui hata Mwanamkuu. Wifi akamtia chai ya sukari kijiko kwa kijiko hadi akameza, ndipo mkampeleka hospitali. Mungu amlipe yule mwanamke. Mimi nilimtania kuhusu shikamoo, leo naweza kumpa hata mara mia.

Nilipomleta Mama huku nilimpeleka kwa daktari wa kituo cha afya, dada mmoja mpole anaitwa Stellamaris. Nilimweleza yote, na ya kwako pia, sikukuficha. Hakucheka. Alisema vidonge vile kazi yake ni kushusha sukari, vimepimwa kwa mtu anayekula wali na ugali. Mkiondoa nafaka zote na kuacha vidonge vile vile, vinaendelea kushusha hata pasipo na cha kushusha. Ubongo ukikosa sukari ndio huo utulivu ulioniandikia. Alisema mtu wa dawa za sukari akibadilisha chakula, dawa nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo na mwenye kujua.

Kisha akampima damu na kutazama miguu yake. Akasema zile dawa mtu akizitumia miaka mingi, aina mojawapo huuzuia mwili kuchukua vitamini B12. Ikipungua sana, miguu inachoma, mtu anapepesuka, na kumbukumbu inalegea. Kaka, wale siafu wa miguuni. Amempunguzia vidonge na amemwanzishia sindano. Sitaki kukudanganya kwamba ni muujiza, lakini jana Mama alinikumbusha mwenyewe kufunga banda la kuku.

Na kuhusu mteja wangu, nilimuuliza daktari kama ngano huharibu ubongo. Alisema kuna watu ambao miili yao kweli inagombana na gluteni, na kwa baadhi yao ugomvi huo unafika hadi kwenye neva na mwendo. Hao ni wachache, hujulikana kwa kupimwa damu, na wakijulikana waache ngano kabisa. Kwa wengi wetu alichoshauri ni cha kawaida tu: boflo na unga mweupe vipungue, sukari ipungue, dona, maharage, samaki na mboga za majani viongezeke. Mama sasa anakula kipande kimoja cha mkate asubuhi na kunde juu yake. Amenuna, lakini anakula.

Nimalizie jambo moja. Juzi nilikuwa namsuka, tukawa tunazungumza habari za huko kwenu. Akaniambia, "Shomari aliniuliza kama nimeswali adhuhuri, nikamjibu. Akakaa, akaniuliza tena. Nikamjibu. Akaniuliza tena. Nikadhani ni mimi."

Sikuulizi kitu. Nakuandikia tu alichosema.

Mwanaasha


Kisarawe,
28 Septemba 2025

Mdogo wangu Mwanaasha,

Assalaam alaykum. Nimechelewa kujibu na lori halina kosa. Abdulaziz amepita hapo kwenu mara nyingi na mimi nikawa namwambia barua haijakwisha.

Kwanza, kwa Mama. Nilimdhuru. Wifi yako alinionya nikamnyamazisha kwa maneno ya mtu wa kwenye simu ambaye hanijui wala simjui. Nimemwomba radhi Mwanamkuu, na wewe nakuomba. Kwa Mama nitakuja mwenyewe.

Pili, Mama hakukosea. Ilianza mwaka jana, kabla ya Desemba. Niliuza gunia la korosho kwa mtu, na kesho yake nikamuuzia mwingine gunia lile lile. Nilipoteza njia ya shamba letu wenyewe, nikasimama kwenye njia panda nikijifanya nangoja mtu. Ndipo nilipomsikiliza yule mtaalamu, na kila alilolisema nilikuwa nalisikia kwa ajili yangu. Mama nilimtanguliza. Nilitaka nione kwake kama inafanya kazi. Hilo nalo ulijue.

Nilikwambia simu inatugombanisha. Ni kweli, lakini sikusema yote. Simu ukishaikata maneno yamekwenda. Karatasi inakaa, naweza kurudi kuisoma nikajua nilichoambiwa. Zako ninazo zote chini ya mto. Zangu mwenyewe ndizo nisizokuwa nazo, ndiyo maana ukapata bati mara mbili.

Sasa nikueleze ya maulidi, kwa sababu utayasikia kwa watu na ni afadhali uyasikie kwangu. Yalisomwa kwa jirani baada ya Alasiri, watu wamejaa hadi uani. Nilisoma kwa kichwa kama siku zote. Tulipofika mahali pa kuzaliwa kwa Mtume watu wote wakasimama kama ilivyo ada, ubani ukapita, marashi yakanyunyizwa, tukakaa, nikaendelea. Nikasoma, nikasoma. Sijui ilikuwaje. Nikasikia sauti yangu iko tena pale pale pa kuzaliwa, na nilikuwa nimefumba macho, nikaona ni sawa kabisa. Nilipoyafumbua nikamwona Mzee Mfaume, yule muuza ubani mwenye goti bovu, amekaa mbele yangu ananitazama. Halafu akashika bega la jirani yake, akasimama. Wakasimama wote. Wa marashi akazunguka tena na marashi. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyemtazama mwenzake. Tukamaliza, pilau ikaliwa, nikashikwa mikono kwa shukrani.

Mimi sikujua. Niliambiwa na Mwanamkuu njiani tukirudi. Yeye alikuwa upande wa wanawake. Alisema, "Leo tumesimama mara mbili." Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyenisahihisha. Akasema, "Anayetajwa ni Mtume. Nani angebaki amekaa?"

Naogopa, Mwanaasha. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

Kaka yako,
Shomari


Mlandizi,
10 Oktoba 2025

Kaka yangu Shomari,

Shikamoo, shikamoo tena. Mama mzima, sindano zinaendelea, kandambili sasa zinakaa mguuni. Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi, na nililia hadi kuku wakanisogelea. Nimekusamehe ya Mama. Ya kujificha mwaka mzima bado nakuwekea. Wahenga walishasema mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi hatutaki kilio.

Nimekwenda kwa daktari Stellamaris peke yangu, nikamweleza habari zako bila kutaja jina. Akasema kabla mtu hajajihukumu apimwe vyote vinavyopimika: vitamini ile ile ya Mama, tezi ya shingo, shinikizo la damu, sukari, na ndiyo, hata ngano. Baadhi ya hayo yakipatikana yana dawa. Nikafurahi. Nikamwambia mgonjwa wangu ameacha ngano karibu mwaka. Akatikisa kichwa.

Sasa kaa kitako usikie. Kipimo cha ngano kinatafuta alama za ugomvi ndani ya damu. Mtu akishaacha kula ngano muda mrefu, ugomvi unakuwa umelala na alama zimefutika, kipimo kinasema huna kitu hata kama unacho. Ili tujue kama ngano ni adui yako, ni lazima uile. Kila siku, mkate au chapati, kwa wiki kadhaa, kisha ndipo uje utoe damu. Wewe ulimfukuza mshtakiwa kabla ya kesi, kaka, sasa inabidi umrudishe mahakamani.

Ukipata shida yoyote ukila, uache na uje mara moja. Amesisitiza hilo.

Nilimweleza Mama kila kitu. Najua hukunituma. Akauliza unga uko wapi. Nikamwambia mikono itamuuma. Akasema, "Mwanangu akila kitu kwa hofu, basi kiwe kimekandwa na mimi." Amekanda mwenyewe, amesukuma mwenyewe, chumvi ameitia mara moja, nilikuwa namchungulia. Ziko kwenye hotipoti aliyoibeba Abdulaziz, zimefungwa kwa khanga yake ile ya kijani. Zikiisha Mwanamkuu aendelee kupika huko, yeye anajua kupika chapati kuliko mimi na ninyi wawili mnalijua hilo.

Mimi nitakuwa nawe siku ya damu. Sitaki kusikia kwamba utakuja peke yako.

Mdogo wako,
Mwanaasha


Kisarawe,
14 Desemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Mwanaasha,

Wa alaykum salaam. Sisi hatujambo, mvua za vuli zimechelewa, korosho tumemaliza kuokota. Tangu tulipoachana pale kituoni nimekuwa nakusudia kukuandikia. Siku ile ulikuwepo ulisikia alichosema daktari, lakini ulizungumza wewe zaidi kuliko mimi, na mimi nilikuwa na maneno.

Chapati ya kwanza ya Mama niliila nimekaa mlangoni, Mwanamkuu kasimama pembeni kama mtu anayetazama mtoto akivuka barabara. Nilikuwa nasubiri kitu kitokee kichwani. Hakikutokea kitu. Ilikuwa na mafuta pembeni na imeungua kidogo katikati, kama anavyopika siku zote, na nikakumbuka tulivyokuwa tunagombea ile ya juu kabisa. Nilikula tatu. Niliendelea kula kila siku kama ulivyoniagiza.

Sasa majibu ya damu yamerudi kutoka Dar es Salaam na ngano haina kosa. Vitamini ipo, tezi nzima, sukari nzuri. Wewe ulisema alhamdulillah kwa sauti, Mwanamkuu akasema, nami nikasema. Lakini wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja nami sitakuficha tena. Nilitamani iwe ngano. Ngano ni kitu mtu anaweza kukiweka chini. Ningeacha chapati hadi siku ya kufa nikashukuru. Haya yaliyobaki, ambayo daktari aliyataja kwa upole na kusema ni mapema na yatakwenda polepole, hayawekwi chini. Nitatembea kila asubuhi kama alivyosema, nitakula dona na samaki na mboga, nitakaa na watu, shinikizo la damu nitalichunga. Amesema vinasaidia. Hakusema vinaponya, na nimempenda kwa hilo kuliko yule wa kwenye simu.

Kesi yako umeshinda. Mteja wako ameachiwa huru, mwambie arudi kwenye kabati.

Maulidi nimemwachia Abdulaziz. Anasoma na kitabu mkononi, na mimi nakaa karibu yake nafuata kwa midomo. Kuna sehemu bado naitangulia.

Mwambie Mama nitakuja mwezi ujao nikae naye siku kadhaa. Akiniuliza habari za Baba nitamjibu. Nami nikimuuliza kama ameswali, anijibu, hata kama nimeshamuuliza.

Nawe nina ombi moja. Tuendelee kuandikiana. Siku moja utafungua barua yangu na ndani yake nitakuwa nakueleza kwamba tumelitoa makuti banda la jiko na kuliezeka bati. Usinisahihishe, wala usinitanie habari za misumari. Fanya walivyofanya watu wa Kisarawe. Simama tena.

Kaka yako,
Shomari